Kikombe cha uji na jeni ya EFHC1: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Kisumu

Msichana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, aliletwa kwenye kliniki yetu ya kifafa upande wa Nyando, Kaunti ya Kisumu, Jumatano moja ya mwezi wa Machi. Aliandamana na mama yake pamoja na shangazi yake, dada mdogo wa baba, ambaye alikuwa ametoka Siaya kwa matatu ya alfajiri ili awepo maneno yatakaposemwa. Mama alikuwa amebeba bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na vitu viwili: pakiti ya vidonge vya karbamazepini, na kurasa tisa za ripoti ya kipimo cha jeni zilizochapishwa mjini. Kabla hajaketi aliziweka kurasa zile mezani na kuniambia, "Daktari, wamepata ugonjwa wenyewe. Uko kwa jeni, na hiyo jeni imetoka kwetu."

Mimi ni tabibu. Si daktari bingwa wa neva wala mtaalamu wa jenetiki, na mengi ninayoyaeleza hapa nililazimika kuyasoma usiku kwa sababu ya familia hii. Naandika kwa idhini yao, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili wasitambulike. Ninachotaka kionekane ni jinsi karatasi ile ilivyopewa uzito kuliko ushahidi uliokuwa nyuma yake, huku simulizi ya asubuhi za msichana huyu, ambayo ndiyo iliyokuwa na jina la ugonjwa wake, ikiwa haijaulizwa na mtu yeyote kwa muda wa miezi 14.

Asubuhi ambayo haikuulizwa

Kuanguka kwake kwa mara ya kwanza kulitokea kwenye bwalo la shule, mwishoni mwa wiki ya mitihani, baada ya kusoma hadi saa saba usiku na kuamshwa saa kumi na nusu kwa ajili ya maandalio ya alfajiri. Alipiga ukelele, akakakamaa, akatikisika mwili mzima kwa dakika mbili au tatu, akajiuma ulimi na kujikojolea. Alipelekwa kwenye kliniki moja ya binafsi, ambako aliulizwa juu ya kule kuanguka tu, akaandikiwa kifafa na kuanzishiwa karbamazepini ya miligramu 200 mara mbili kwa siku. Aliporudi akisema bado anatikisika, kipimo kiliongezwa hadi miligramu 400 mara mbili kwa siku. Akatikisika zaidi.

Haki inanidai niseme kwamba dawa ile haikuchaguliwa bila msingi. Vifafa vingi tunavyokutana navyo huku vinaanzia sehemu moja ya ubongo iliyojeruhiwa, ama wakati wa kuzaliwa kwa shida, ama kwa malaria iliyopanda kichwani, ama kwa mabuu ya tegu wa nguruwe, ambao wapo kweli katika magharibi mwa Kenya. Kwa vifafa vya namna hiyo karbamazepini ni dawa nzuri. Lakini kuna aina nyingine ya kifafa ambayo dawa hiyo huichochea, na kinachozitenganisha aina hizi mbili mara nyingi ni swali moja lisilogharimu shilingi hata moja.

Nilimwomba msichana anisimulie asubuhi yake tangu kengele ya kwanza inapolia. Alimtazama mama yake, kisha akaanza na mswaki, ambao mara mbili ulimruka mkononi na kuangukia karo la bafuni. Halafu akafika kwenye uji. Alisema kikombe chake ni cha plastiki ya buluu, na kwamba asubuhi moja, alipokiinua, mkono wake uliruka wenyewe, uji wa moto ukamwagikia mwenzake aliyeketi mbele yake. Matroni alidhani ni utovu wa adabu, akampa adhabu ya kusugua meza za bwalo kwa wiki nzima. Tangu siku hiyo alibuni njia yake: hungoja wenzake watoke, hubana viwiko vyote viwili kwenye meza, hushika kikombe kwa mikono miwili, kisha hukiinamia badala ya kukiinua. Alinionyesha jinsi anavyofanya, akitumia kikombe cha maji kilichokuwa mezani pangu, na nilipomwona ameinama vile, mabega yamekazwa na shingo imenyooshwa mbele, sikuwa na haja kubwa ya kuuliza zaidi.

Hata hivyo niliuliza. Mishtuko ile ilianza akiwa na miaka 14, katika kidato cha kwanza, zaidi ya mwaka mmoja kabla hajaanguka. Humjia katika saa ya kwanza baada ya kuamka, hushika mikono yote miwili, hudumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, naye huwa na fahamu zake zote. Akilala vizuri nyumbani wakati wa likizo, hupungua hadi karibu kutoweka. Aliwahi kuanguka mara tatu, na kila mara kuanguka kulitanguliwa na mishtuko iliyofuatana haraka haraka. Hakuwa amemweleza mtu kwa sababu alidhani ni baridi ya alfajiri, na baadaye kwa sababu alikuwa ameshaadhibiwa kwa jambo lile lile.

Alipokuwa akiendelea kusimulia, shangazi, ambaye alikuwa amenunua chai ya kibanda kilicho langoni, alitikisika mkono wa kulia na kikombe kikamponyoka. Chai ilitapakaa sakafuni. Mama akacheka kwa upole akasema, "Huyu naye ni mtu wa kuangusha vitu tangu nimjue." Shangazi akaomba radhi, akafuta sakafu kwa leso yake. Niliandika saa pembeni mwa karatasi: saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nikamuuliza aliamka saa ngapi. Akasema saa tisa usiku, ili awahi gari.

Uchunguzi wa mwili wa msichana haukuonyesha kasoro. Alizaliwa hospitalini bila shida, hakuwahi kupata degedege ya homa utotoni, hakuwahi kuumia kichwa, na masomo yake yalikuwa mazuri, hasa hesabu. Picha ya ubongo iliyokuwa imepigwa mapema haikuwa na makovu wala mabuu. Kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo, ambacho tuliomba kifanywe Kisumu mjini asubuhi baada ya usiku wa kulala kidogo, kilionyesha mafungu ya miiba mingi iliyofuatwa na mawimbi, manne hadi sita kwa sekunde, pande zote mbili za kichwa kwa wakati mmoja. Ni kifafa cha mishtuko cha vijana, ambacho Dieter Janz na mwenzake Walter Christian walikieleza kwa kina nchini Ujerumani mwaka 1957, na ambacho huanza kwa kawaida kati ya miaka 12 na 18, humwacha mtu na akili yake timamu, hutulizwa vizuri na dawa inayofaa na huchochewa na kukosa usingizi na pombe, na kwa baadhi ya wagonjwa na mwanga unaometameta.

Jeni iliyotajwa katika ripoti

Kipimo cha jeni kililipiwa na mjomba wa msichana, kaka wa mama, anayeishi Marekani. Alituma vichupa vya mate, na kwa kuwa alitaka kujua mambo ya ukoo wake, naye akatema mate katika kichupa chake. Majibu yalisema kwamba msichana ana badiliko moja, katika nakala moja ya jeni iitwayo EFHC1. Mjomba alikuwa nalo pia. Kijana wa duka la intaneti aliyechapisha kurasa hizo aliwatafsiria kwamba jeni hiyo "inahusiana na kifafa", jambo ambalo ni kweli, na hapo usomaji ukakoma.

EFHC1 iko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 6. Kazi yake ni kubeba maelekezo ya kutengeneza protini yenye asidi amino 640, ambayo watafiti huiita mayoklonini 1. Karibu na mwisho wa protini hiyo kuna kipande chenye umbo linaloitwa mkono wa EF: vijiti viwili vilivyojisokota, vikiunganishwa na kitanzi, na kitanzi hicho ndicho kinachoweza kushika chembe ya kalsiamu. Jina hilo lilitokana na protini ya misuli ya samaki aitwaye karpu, ambayo umbo lake lilipochunguzwa kwa eksirei mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijiti vyake vilipewa herufi kwa mpangilio, na vile vilivyoshika kalsiamu vikawa E na F. Nilipomweleza mama kwamba nusu ya jina lile la kutisha ilitoka kwa samaki, alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kazi ya protini yenyewe haijaanza na kifafa. Seli inapojiandaa kugawanyika, hutandaza nyuzi nyembamba kutoka ncha zake mbili, na nyuzi hizo huzishika kromosomu na kuzivuta kila kundi upande wake, kama timu mbili za kuvuta kamba. Mayoklonini 1 hupatikana kwenye nyuzi hizo, kwenye ncha zinakoanzia, na mwishoni kwenye kiungo chembamba kinachobaki kati ya seli mbili changa kabla hazijaachana. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba protini hiyo hujifunga kwenye nyuzi hizo, na kwamba kazi yake ikivurugwa, seli hushindwa kupanga nyuzi sawasawa, hukwama katikati ya kugawanyika, na nyingine hufa. Walipoivuruga katika ubongo wa panya ambao hawajazaliwa, seli changa za ubongo zilishindwa kusafiri vizuri kutoka mahali zinapozaliwa hadi tabaka zinapopaswa kutua. Panya waliofanywa wakose jeni hiyo kabisa walipata mishtuko ya mwili, vyumba vya maji ndani ya ubongo wao vilikuwa vipana kuliko kawaida, na vinyweleo vinavyosukuma maji hayo vilipiga polepole.

Mtu akisoma hayo huvutiwa, nami nilivutiwa. Seli za neva za binadamu, kwa sehemu iliyo kubwa sana, humaliza kugawanyika kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo inawezekana kuwaza kwamba hitilafu ndogo iliyotokea tumboni iliacha waya za ubongo zikiwa zimepangwa kidogo tofauti, na kwamba tofauti hiyo ikalala kimya hadi ubongo ulipoanza kukomaa kwenye ujana. Kuna hata njia ya pili ya kuwaza, kwa sababu kalsiamu ndiyo inayoingia kwenye seli ya neva inapopokezana ujumbe na jirani yake, na protini hii imeonekana kugusa mojawapo ya milango ya kalsiamu. Lakini uzuri wa maelezo haya hauwezi kutuambia kama badiliko fulani, katika mtoto fulani wa Nyando, limefanya lolote kati ya hayo.

Shutuma dhidi ya jeni hii ililetwa mwaka 2004, pale kundi la watafiti lililojumuisha wanasayansi wa Japani, Marekani na Meksiko lilipotangaza kwamba limepata mabadiliko matano tofauti ya EFHC1 katika familia sita zisizo na undugu zenye kifafa cha mishtuko cha vijana, na kwamba mabadiliko hayo hayakupatikana kwa watu 382 wasio na ugonjwa waliolinganishwa nao. Ulikuwa ushahidi mzito kwa wakati wake. Ugumu ulikuja baadaye. Kadiri watu wengi zaidi walivyopimwa jeni, ndivyo baadhi ya mabadiliko yaliyokuwa yakiitwa ya ugonjwa yalivyoanza kuonekana kwa watu wazima wenye afya. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi iliyoonyesha wazi kwamba jambo hilo hutegemea asili ya watu waliopimwa: badiliko lililo adimu katika jamii moja linaweza kuwa la kawaida katika nyingine bila kumdhuru mtu. Wengine, wakiwemo baadhi ya watafiti waliohusika na ugunduzi, waliyapitia upya mabadiliko hayo mwaka 2017 na kushikilia kwamba baadhi yake bado yana hatia. Mjadala haujafungwa.

Ripoti yenyewe, kwenye ukurasa wa nne, ilikuwa imeyaheshimu haya yote. Kuna utaratibu, unaotumiwa na maabara nyingi tangu mwaka 2015, wa kuyapanga mabadiliko ya jeni katika ngazi tano, kuanzia yanayosababisha ugonjwa hadi yasiyo na madhara, na ngazi ya katikati ni ya yale ambayo maana yake haijajulikana. Badiliko la msichana huyu liliwekwa katikati. Mstari huo mmoja haukutafsiriwa kwa mama.

Nililazimika kumweleza mama kitu kingine ambacho ripoti haikukisema kwa sauti. Kumbukumbu kubwa za jeni ambazo maabara hulinganisha nazo zimejaa zaidi watu wenye asili ya Ulaya, ilhali watu wa Afrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa bara lingine lolote. Maabara inapoandika kwamba badiliko ni adimu, maana yake ni kwamba halikuonekana mara nyingi miongoni mwa waliopimwa, na watu wa uwanda wa Kano, huku kwetu Nyando, hawakuwa miongoni mwao kwa idadi ya kutosha kusema lolote. Huenda badiliko hilo linatembea sokoni Kibuye kila siku ndani ya watu wasiojua hata neno kifafa.

Ukoo ulipokaa mbele yangu

Katika kliniki yenye vifaa vichache, bado kuna kipimo kimoja cha jeni ambacho tunaweza kukifanya, nacho ni kuuliza kama badiliko na ugonjwa vinatembea pamoja katika ukoo. Nilichora mti wa ukoo kwa kalamu, upande wa mama na upande wa baba, hadi kwa mababu.

Mjomba mwenye badiliko ana miaka 51. Hajawahi kuanguka, haangushi vikombe, na kwa miaka mingi amefanya kazi za usiku, zile ambazo zingemwumbua mtu mwenye ugonjwa huu mapema sana. Kwenye upande wa mama hakuna mtu mwingine anayejulikana kuwa na mishtuko wala kuanguka. Upande wa baba ulikuwa na shangazi aliyeketi mbele yangu na leso yenye chai mkononi.

Nilimwomba ruhusa nimuulize maswali yale yale. Ana miaka 38. Mikono yake imekuwa ikiruka asubuhi tangu akiwa na miaka 15 hivi. Alipoolewa, wakwe walimwita mzembe wa asubuhi kwa sababu ya sahani alizovunja, hivyo akajifunza kuosha vyombo jioni. Aliwahi kuanguka mara moja, wiki mbili baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, akiwa hajalala, na wakunga wa nyumbani wakasema ni uchovu wa uzazi. Hajawahi kunywa dawa ya kifafa. Kwa simulizi hiyo, na kwa mshtuko nilioushuhudia kwa macho yangu, sina shaka kubwa kwamba ana ugonjwa ule ule wa binti wa kaka yake.

Kwa hiyo badiliko la EFHC1 linaonekana kwa mjomba mzima wa upande wa mama, na ugonjwa unaonekana kwa shangazi wa upande wa baba. Kama badiliko hilo ndilo lingekuwa chanzo cha ugonjwa katika familia hii, tungetarajia vitu hivyo viwili vikutane kwa mtu mwingine zaidi ya msichana mwenyewe. Kwa tunachokijua hadi sasa, kwa kuwa shangazi bado hajapimwa, havikutani. Hili halithibitishi kwamba badiliko halina kosa, kwa sababu kifafa hiki mara nyingi hutokana na mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi, na mtu anaweza kubeba mchango mmoja bila kuugua. Lakini linatosha kuliondoa badiliko hilo kwenye kiti cha mshtakiwa mkuu.

Hapa ndipo nilipochukua muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu nilijua kilichokuwa kikiendelea nyumbani. Tangu ripoti ije, mama mkwe alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kifafa kililetwa na mke, na kulikuwa na minong'ono kwamba wadogo wawili wa msichana nao "wameshapimwa na Mungu". Mama alikuwa amekuja akiwa tayari kuomba dawa za watoto hao wawili, ambao hawana dalili hata moja. Ningeweza kumpa silaha: ningesema, basi ni upande wa baba. Shangazi, ambaye hakuwa na kosa lolote na ambaye ndiye aliyesafiri gizani kuja kumtetea binti huyu, ndiye angebeba aibu mpya. Niliamua kusema nilichokijua kwa usahihi wake wote na bila kumkabidhi mtu hatia. Niliwaambia kwamba ugonjwa huu huelekea kuonekana zaidi katika koo fulani, kwamba mchango unaweza kutoka pande zote mbili, kwamba ndugu wengi wa mgonjwa hawaupati kamwe, na kwamba mtoto asiye na dalili hapewi dawa kwa sababu ya karatasi. Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akamwambia wifi yake kwa Kijaluo kwamba atazungumza na mama yake mwenyewe, na kwamba sahani zote zilizovunjika zitatajwa siku hiyo.

Msichana aliuliza swali lake akiwa amebaki nami na muuguzi peke yetu: "Nikizaa, mtoto atakuwa nayo?" Nilimjibu kwamba mtoto wake anaweza kurithi badiliko lile kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama tofauti nyingine yoyote iliyo katika nakala moja, na kwamba kurithi badiliko si sawa na kurithi kifafa. Nilimwambia pia kwamba kilicho mikononi mwake kwa sasa, na chenye uzito mkubwa zaidi kwa mtoto huyo wa baadaye, ni dawa atakayokunywa yeye mwenyewe.

Dawa, shule na usiku wa matanga

Dawa yenye nguvu zaidi dhidi ya kifafa hiki ni valproeti, na kama mgonjwa wangu angekuwa mvulana huenda ningeanza nayo. Kwa msichana wa miaka 17 hali ni nyingine. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 wanaokuwa tumboni mama akinywa valproeti huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na watatu au wanne kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na tabia, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasianzishiwe dawa hiyo. Tulichagua levetirasetamu, ambayo ni ghali zaidi na ambayo mjomba alikubali kuilipia badala ya kulipia vipimo vingine vya jeni. Tulianza na miligramu 250 mara mbili kwa siku, tukapanda hadi 500, kisha tukaipunguza karbamazepini hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, kwa kuwa kuikatiza ghafla kungeweza kumwangusha.

Mishtuko ilipungua kabla hata karbamazepini haijaisha. Kufikia wiki ya sita alikuwa na asubuhi nyingi kavu, kama alivyoziita.

Barua kwa mwalimu mkuu ilikuwa fupi. Niliomba aondolewe kwenye maandalio ya alfajiri na aachwe alale kwa muda wa saa nane kila usiku, ahamishiwe kitanda cha chini, asipewe zamu ya kubeba sufuria za uji moto, na wenzake wa bwenini wafundishwe kumlaza ubavu akianguka, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na wasiogope povu lake kwa kuwa kifafa hakiambukizi. Jambo la usingizi ndilo lililopingwa, kwa hoja kwamba wengine watataka ruhusa hiyo hiyo. Nilikwenda shuleni mwenyewe nikiwa na karatasi ya mawimbi ya ubongo, nikawaonyesha mafungu yale ya miiba na kuwaeleza kwamba yalijitokeza baada ya usiku mmoja tu wa kulala kidogo. Ruhusa ikatolewa. Matroni aliniomba nimweleze tena habari ya kikombe, polepole, na sikuhitaji kumwambia lingine lolote.

Mwezi wa tano wa matibabu aliangua kilio nyumbani kwa babu aliyefariki, akakesha matangani usiku kucha pamoja na binamu zake, akasahau vidonge vya jioni, na saa moja asubuhi akaanguka. Hakuumia. Mama alinipigia simu akiwa amekata tamaa, akidhani jeni imerudi. Tulihesabu pamoja saa za usingizi na vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, na hesabu ikajieleza. Dawa ikapandishwa hadi miligramu 750 mara mbili kwa siku, na tukakubaliana kwamba katika misiba ijayo atahudhuria mchana na kulala kwa jirani usiku. Tangu hapo hajaanguka. Amenieleza kwamba sasa anakunywa uji pamoja na wenzake, kikombe mkono mmoja.

Kwenye faili yake nimebandika ripoti ya jeni nyuma kabisa, na juu yake nimeandika kwamba isitumike kuamua dawa, ndoa wala matibabu ya wadogo zake, na kwamba maabara iulizwe tena baada ya miaka miwili kama badiliko hilo limehamishwa ngazi. Shangazi naye amefunguliwa faili. Huchora mstari mmoja kwenye kalenda ya jikoni kwa kila mkono unaporuka, na kalenda ya mwezi wa kwanza ilikuwa na mistari 41, ya mwezi wa tatu wa dawa ina mistari sita.

Mjomba amejitolea kupima mate ya mama, ya baba na ya shangazi. Nimewaeleza mapema majibu hayo yatakavyosomwa. Mama akiwa na badiliko na shangazi akiwa hana, hoja niliyoijenga hapa itakuwa imesimama vizuri zaidi. Baba na shangazi wakiwa nalo, itabidi niandike upya sehemu ya mti wa ukoo, kwa sababu msichana atakuwa huenda amelipata upande nisioudhania, na itatubidi kuuliza kama ni badiliko la kawaida tu kwa watu wa huku au kama ndugu hawa wawili wanaliugua kweli. Wote watatu wamekubali. Vichupa bado havijafika.